Swichi Isiyowasha Taa

Katika nyumba nyingi za askari siku hizi, ugomvi wa jioni hauhusu tena nani atakayekaa karibu na redio. Wahusu intaneti. Kijana wa sekondari ataka kusoma masomo yake katika kompyuta, mdogo wake atazama mpira katika televisheni, mama angoja picha za mishono kutoka kwa wateja wake, na simu za mkononi nazo zadai haki yao. Vyote hivyo hutegemea kisanduku kimoja kilichowekwa sebuleni, yaani ruta, ambayo aghalabu huwa na matundu manne tu ya kuchomekea waya, na pengine pungufu ya hapo.

Ichukuliwe kwa mfano nyumba ya sajini mmoja wa Uganda aliyepelekwa Somalia kulinda amani. Kila Jumamosi, saa moja ya usiku, sajini huyo hupiga simu ya picha ili awaone mkewe na watoto wake. Familia hukusanyika mbele ya kompyuta, kwa kuwa kioo chake ni kikubwa na kila mtu hupata kuona. Lakini kompyuta hiyo imo katika chumba cha nyuma, ng'ambo ya kuta mbili za matofali, na mawimbi ya waifai hufika huko yakiwa dhaifu. Mara nyingi uso wa baba hukwama katikati ya neno, na watoto hulala bila ya kujua alitaka kusema nini.

Dawa ya shida hiyo ni swichi ya mtandao. Hii si ile swichi ya ukutani iwashayo taa, bali ni kisanduku kidogo chenye matundu matano au manane, ambacho hupokea waya mmoja kutoka katika ruta na kuzigawia mashine nyingine njia. Hakina kitufe cha kupangia wala hakihitaji fundi. Hutumia umeme wa wati chache tu.

Mfumo wa waya utumikao hapa huitwa ithaneti. Ulibuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe pamoja na David Boggs, katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani. Hapo mwanzo kompyuta zote zilitumia waya mmoja, na kila moja ilipaswa kusikiliza kwanza kama njia ni nyeupe ndipo iseme. Zilipozidi, ziligongana kama watu wasemao wote kwa pamoja. Mwaka 1990 kampuni ya Kalpana, ya huko huko Marekani, ilitoa swichi ya kwanza ya ithaneti.

Kazi ya swichi yafanana na ya karani wa barua kambini. Karani mgeni husimama uwanjani na kulitangaza kila jina, na kambi nzima hulazimika kusikiliza. Karani mzoefu hujua fulani akaa chumba gani, naye huipeleka barua mlangoni pake. Kila mashine ina namba yake iliyopewa kiwandani. Swichi huisoma namba ya mpelekaji na kukumbuka imetoka katika tundu lipi. Tangu hapo, ujumbe wa mashine hiyo hupelekwa kwenye tundu hilo peke yake.

Hata hivyo, yafaa ieleweke kwamba swichi haizalishi intaneti. Nyumba inayolipia megabiti 20 kwa sekunde itabaki na megabiti 20, hata ikiwa na matundu mia moja. Faida yake ni kwamba mashine zisizohama, kama vile kompyuta, televisheni na mashine ya kuchapa, huondoka katika waifai na kupata njia imara, na waifai ikaachiwa simu.

Anayenunua swichi akumbuke kwamba tundu moja litatumiwa na waya utokao katika ruta. Hivyo, yenye matundu matano humwachia manne. Aichague ile iliyoandikwa 10/100/1000, maana hufikisha megabiti 1,000 kwa sekunde. Waya uwe wa shaba halisi, wenye nyuzi nane zilizosokotwa mbili mbili, na usizidi mita 100 kutoka mashine hadi mashine. Katika ruta, uchomekwe kwenye tundu la mashine za nyumbani, wala si lile lipokealo intaneti kutoka nje. Adapta ya umeme iwe ile ile iliyokuja na kisanduku, kwani yenye volti nyingi kupita kiasi yaweza kukiunguza.

Kijana mkubwa wa sajini aliyatimiza hayo yote asubuhi ya Jumamosi, na mchana kutwa kazi ilikwenda vizuri. Saa kumi na mbili na nusu jioni, mdogo wake alikuwa akifagia chumba. Aliuona waya wa akiba ambao ncha yake moja ilikuwa imechomekwa katika swichi, na nyingine yaning'inia. Kwa kupenda unadhifu, aliichomeka ile ncha ya pili katika tundu lililokuwa wazi la swichi ile ile.

Mara taa zote ndogo za swichi zikaanza kumetameta kwa kasi, na nyumba nzima ikakosa intaneti. Saa moja ikafika. Kijana mkubwa aliilaumu kampuni ya intaneti, akaizima ruta na kuiwasha mara tatu, bila ya mafanikio. Mama ndiye aliyeuliza, "Wanangu, ni kitu gani kilichobadilika tangu mchana?"

"Mama, mimi nimechomeka waya uliokuwa ukining'inia," yule mdogo akajibu.

Kosa likajulikana. Ujumbe unaopelekwa kwa mashine zote ulikuwa ukitokea tundu moja na kurudi kwa jingine, ukizunguka na kuongezeka hata njia zikajaa. Waya ulipochomolewa, mtandao ukarudi. Saa mbili kasorobo baba akaonekana, akawaeleza kwamba alikwisha kuanza kuingiwa na hofu juu yao.

Jumapili yake mama alichukua vipande vya vitambaa vya rangi mbalimbali, akafunga rangi moja katika ncha zote mbili za kila waya: nyekundu kwa kompyuta, kijani kwa televisheni, nyeupe kwa mashine ya kuchapa. Waya wa akiba ukawekwa sandukuni.

Lipo onyo moja zaidi. Jirani aweza kuomba avutiwe waya juu ya mapaa. Asikubaliwe, kwa sababu nchi za Maziwa Makuu ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na waya wa shaba upitao nje waweza kuiingiza radi katika nyumba zote mbili. Aidha, nyumba ya serikali haitobolewi ukuta pasipo ruhusa ya wakubwa wa kambi.

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Nyaya za nyumbani nazo zataka daftari lake, hata likiwa la vipande vya kitambaa.