Umeme Uliomo Katika Vitu Vyote

Twaa kitana cha plastiki, ukisugue kwa kitambaa kikavu cha sufu, kisha ukiweke karibu na vipande vidogo vya karatasi. Vipande vitaruka na kukishika. Fanya hayo siku ya jua. Siku ya mvua labda hutaona kitu, kwa kuwa unyevu huuchukua umeme wa kitana na kuupoteza.

Wayunani wa kale waliliona jambo hili katika kaharabu, ambayo ni utomvu wa miti uliogeuka kuwa kama jiwe. Mwaka 1733 Mfaransa Charles Du Fay alionyesha ya kuwa umeme huo ni wa namna mbili: umeme wa kioo kilichosuguliwa kwa hariri, na umeme wa kaharabu. Vitu vyenye umeme wa namna moja hufukuzana. Vyenye namna mbalimbali huvutana. Leo twaziita namna hizo chanya na hasi.

Lakini umeme huo watoka wapi? Wengi hudhani ya kuwa kusugua ndiko kunakouumba. Sivyo. Kila kitu, jiwe, maji, hata mwili wa mtu, kimefanywa kwa atomu. Katikati ya kila atomu mna umeme chanya, na kandokando yake chembe ndogo mno za umeme hasi. Chembe hizo, alizozitambua J. J. Thomson huko Cambridge mwaka 1897, zaitwa elektroni, kwa jina la Kiyunani la kaharabu. Kwa kawaida chanya na hasi ni sawasawa, kama mizani yenye mawe sawa pande zote mbili, wala hatuhisi lo lote. Ukisugua kitana, baadhi ya elektroni huiacha sufu na kuhamia katika kitana. Basi kitana kina ziada, na sufu ina upungufu wa kiasi kile kile. Ziada hiyo au upungufu huo ndio uitwao chaji.

Kiswahili chaita mwako wa mawingu na nguvu iwashayo taa kwa jina moja, umeme, wala hakikukosea. Ndani ya wingu la ngurumo vipande vya barafu hugongana, na chaji huhama vivyo hivyo. Ikizidi mno, hupasua hewa.

Mwaka 1753, katika mji wa St. Petersburg nchini Urusi, Profesa Georg Richmann alisimamisha ufito wa chuma juu ya nyumba yake ili apime umeme wa mawingu. Ufito ule haukuunganishwa na ardhi, hata chaji ikakosa njia ya kushuka. Alipokuwa akikiangalia chombo chake, moto uliruka kutoka katika chuma ukampiga kichwani, akafa papo hapo. Fito za kukinga nyumba huunganishwa na ardhi kwa waya mnene, umeme ukashuka pasipo kumpitia mtu. Mti mrefu hauna waya. Radi ikiupiga, umeme huweza kuuacha na kumrukia aliyesimama chini yake, kwa sababu mwili wa mtu, wenye maji na chumvi, huupitisha umeme upesi kuliko mti.