Nani Hulipa Gharama ya Usalama? Tafakuri kuhusu Filamu ya Eye in the Sky

Filamu za kijasusi zimezoeleka kuwa burudani. Mtazamaji humshangilia jasusi anapomkomesha gaidi, kisha huenda zake bila kujiuliza ni nani aliyelipia ushindi huo. Makala haya yanachunguza filamu inayomnyima mtazamaji faraja hiyo: Eye in the Sky, iliyoongozwa na Gavin Hood na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 2015. Inatuhusu Wakenya moja kwa moja kwani mandhari yake ni mtaa wa Eastleigh, Nairobi, ingawa ilipigwa nchini Afrika Kusini.

Msuko wake ni sahili. Kanali Katherine Powell (Helen Mirren), akiwa Uingereza, anamwinda Mwingereza mwenzake aliyejiunga na Al-Shabaab. Nia ya awali ni kumkamata. Hata hivyo, kidudu cha mitambo kinachoongozwa na jasusi Jama Farah (Barkhad Abdi) kinapenya ndani ya nyumba na kufichua watu wawili wakitayarishwa kujilipua. Hapo azma inageuka: si kukamata tena bali kuua, kwa kombora litakalofyatuliwa na rubani aliyeketi Nevada, Marekani. Wakati uo huo, msichana mdogo, Alia, anapanga mikate yake ya kuuza kando ya ukuta wa nyumba hiyo.

Kombora likifyatuliwa, Alia huenda akafa. Lisipofyatuliwa, huenda watu wengi zaidi wakauawa kwingineko. Mawaziri na wanasheria wanatupiana uamuzi. Hatimaye suala zima linategemea tarakimu: uwezekano wa mtoto kufa sharti uwe chini ya asilimia 50. Sajini anayepiga hesabu anapata kiwango cha juu zaidi. Powell anamshinikiza hadi anataja 45.

Kwa mwanafunzi wa lugha, hiki ndicho kiini cha filamu. Tumefunzwa kwamba tafsida husitiri aibu. Hapa tafsida inasitiri mauaji. Mtoto mwenye jina, baba na meza ya mikate anageuzwa kuwa asilimia, na asilimia haitoki damu. Kinaya kinakamilisha ujumbe huo. Wanaomkimbiza Alia hospitalini ni wanamgambo wenyewe, wanaong'oa bunduki garini ili apate nafasi. Anafariki. Jenerali Benson (Alan Rickman) anatoka mkutanoni akiwa na mwanasesere wa kumpelekea mtoto nyumbani.

Hata hivyo, filamu hii ina dosari. Inausawiri mtaa wa Eastleigh kana kwamba unatawaliwa na wanamgambo wenye silaha, ilhali ni kitovu cha biashara kilicho chini ya serikali ya Kenya. Taswira ya aina hiyo ina gharama yake. Aprili 2014, katika operesheni iliyoitwa Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, walikamatwa, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani. Neno usalama lenyewe likawa chanzo cha hofu kwa waliostahili kulindwa nalo.

Haimaanishi kwamba tishio ni la kubuni. Shambulio la ubalozi wa Marekani jijini Nairobi mwaka wa 1998 liliua watu 213 nchini. La Westgate mwaka wa 2013 liliua 67. Na katika Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2015, waliuawa 148, wengi wao wanafunzi kama sisi. Anayedai kuwa Powell hakuwa na hoja ayakumbuke makaburi hayo.

Wahenga walinena kuwa wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Katika filamu hii fahali mmoja hata malishoni hayupo. Anapigana akiwa mbali, mbele ya kioo. Huenda ipo siku ambapo kombora litalazimu. Lakini hata siku hiyo, lugha isikubali kutumiwa kuificha gharama. Aliyekufa aitwe kwa jina lake: Alia, muuza mikate.