Kano ya Kisigino na Ngazi za Mwanza

Kano ya kisigino, ambayo madaktari huiita kano ya Akilesi, ni nene kuliko kano zote za mwili. Hushikiza misuli ya shavu la mguu kwenye mfupa wa kisigino, na kila hatua ya kupanda huivuta. Jijini Mwanza inavutwa kwelikweli: nyumba za Mabatini na Igogo zimekwea hadi kwenye majabali, na pale mwaloni Kirumba wabeba mizigo hushinda na magunia ya dagaa mabegani. Kano ikizidishiwa kazi kuliko ilivyozoea huuma, hasa asubuhi mtu anapokanyaga chini mara ya kwanza.

Wengi hujilaza wiki nzima, au huchuliwa mpaka machozi yawatoke. Kano isiyofanya kazi hudhoofika, na maumivu hurudi siku mzigo unaporudi. Inachohitaji ni kazi ya kiasi, inayoongezwa polepole.

Mwanzo ni ukutani. Mgonjwa huegemeza viganja, huinua visigino vyote viwili, hubaki hivyo kama sekunde 30, hushuka, kisha hurudia mara tano. Akizoea, ahamie kwenye ngazi, ileile iliyomuumiza. Husimama ukingoni kwa nusu ya mbele ya nyayo huku ameshika kitu, hujiinua kwa miguu yote miwili, halafu huuachia uzito mguu unaouma na kushusha kisigino taratibu hadi chini ya ukingo. Mwaka 1998 Håkan Alfredson na wenzake wa Uswidi walieleza kipimo chake: mara 15 kwa awamu tatu goti likiwa limenyooka, na vivyo hivyo likiwa limekunjwa kidogo, mara mbili kwa siku, wiki 12. Ni kazi kubwa. Anayeanza apunguze bila aibu. Ikiwa panapouma ni pale kano inaposhikana na mfupa, kisigino kisishushwe chini ya ukingo. Zoezi lifanyiwe sakafuni.

Maumivu kidogo si neno, mradi kesho yake asubuhi yawe yametulia. Kandambili zilizolika kisigino ziwekwe kando kwa muda.

Anayesikia mlio wa ghafla, kama amepigwa teke kwa nyuma, huenda kano imekatika. Aende hospitali siku hiyohiyo. Na anayemeza siprofloksasini, dawa inayojulikana kudhoofisha kano, akianza kuumwa kisigino asimamishe mazoezi na amwone daktari bila kuchelewa.