Samaki wa baharini sebuleni: Unamlisha au unamuua?



Ndugu msomaji, safu hii kwa kawaida huzungumzia maradhi ya binadamu na usafi wa nyumba. Wiki hii tunamgeukia kiumbe ambaye siku hizi anaonekana kwenye sebule za baadhi ya ndugu zetu wa mijini, yaani samaki wa maji chumvi anayefugwa katika tangi la vioo. Usidhani tumetoka nje ya mada. Jambo hili, kama utakavyoona mbele, linafika mpaka kwenye vidole vya mwanao.

Tuanze na upande wa dini kwa ufupi. Katika hadithi ya Anas (r.a.), ndugu yake mdogo, Abu Umayr, alikuwa na kindege akicheza nacho, na Mtume (s.a.w.) alimtania kwa upole kilipokufa, wala hakumkataza kukifuga. Wanazuoni wengi wamechukua hapo ruhusa ya kufuga, kwa sharti kwamba mnyama asiteswe. Na sote tunaijua habari ya mwanamke aliyemfungia paka mpaka akafa njaa, na yaliyomkuta. Samaki wa kwenye tangi ni kama paka yule. Hawezi kutoka akajitafutia. Lakini ajabu ni kwamba samaki wengi wa majumbani hawafi kwa njaa. Wanauawa na chakula kilichozidi.

Inakuwaje? Samaki anapokula hutoa uchafu, na chakula kinachobaki huoza chini ya mchanga. Vyote viwili huzalisha amonia, ambayo ni sumu. Kwenye tangi lililokomaa wapo bakteria wenye faida, wanaokaa kwenye mawe na kwenye chujio, ambao hugeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitriti kuwa nitrati ambayo haina ukali sana. Kazi hiyo ina kiwango chake. Ukimwaga chakula kingi kwa siku moja, bakteria hao huzidiwa. Tena maji ya bahari yana hali ya alkali, pH yake ni kama 8.1 hadi 8.4, na kadiri alkali inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa katika ile hali yenye sumu. Ndiyo maana kosa ambalo samaki wa maji baridi angelivumilia, huyu wa baharini linamuua. Asubuhi unamkuta anahema juu ya maji, mashavu yanakwenda mbio, na wewe unadhani ana njaa. Unamwongezea!

Basi kipimo ni kipi? Mpe kile anachoweza kukimaliza ndani ya dakika mbili au tatu, mara mbili kwa siku. Kidogo kidogo, ukimtazama. Kinachobaki kitoe kwa kijiti chenye wavu. Ukiwa na watoto, mteue mmoja tu awe mlishaji, maana kila mmoja akitupa kijipande chake cha mkate au ubwabwa, tangi linakuwa jalala. Mkate, ugali na wali si chakula chao kabisa. Nyama ya ng'ombe na kuku pia waache, kwani mafuta ya wanyama wa nchi kavu mwili wa samaki hauyawezi vizuri.

Sasa, samaki wote hawali chakula kimoja, na hapa ndipo wafugaji wengi wanapopotea. Yule mdogo wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, ambaye watoto humwita Nemo kwa sababu ya filamu ya mwaka 2003, hana taabu. Anakula chembe za chakula cha dukani, kamba aliyekatwakatwa na majani ya baharini pia. Kangaja ni mwingine. Huyu kule kwenye miamba anachunga mchana kutwa kama mbuzi, kwa hiyo ukimpa kamba peke yake atakonda na rangi itafifia. Anataka mwani. Wakulima wa mwani wa Zanzibar hawahitaji kuambiwa, wanajua namna tasi wanavyowamalizia mashamba yao. Ziko karatasi za mwani mkavu zinazouzwa supamaketi kwa ajili ya mapishi ya Kijapani. Nunua zile zisizotiwa chumvi, mafuta wala viungo, ubane kipande kidogo pembeni mwa kioo, na ukitoe jioni kama hakikuliwa.

Samaki kipepeo, kwa maoni yetu, ni bora umwache dukani. Aina nyingi za kipepeo hula matumbawe yaliyo hai, na ukimfungia pasipo matumbawe atakufa njaa huku chakula kinaelea mbele yake. Farasi wa baharini naye hana tumbo la kuhifadhia chakula. Anahitaji kulishwa mara nyingi kwa siku, kazi ambayo mtu anayetoka nyumbani alfajiri na kurudi isha haiwezi.

Kamba na ngisi wabichi unaweza kuwapata kwenye soko lolote la samaki, kama pale Feri, Dar es Salaam. Wawe wabichi, wasiwe wamekaangwa wala kutiwa chumvi. Osha, kata vidogo kuliko mdomo wa samaki wako, gawa kwenye vifuko, gandisha. Siku ya kulisha yeyusha kifuko kimoja ndani ya kikombe, mwaga yale maji yake, ndipo ulishe. Badilisha vyakula, usimpe aina moja tu mwezi mzima, kwa sababu baadhi ya samaki na kamba wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1.

Umeme ukikatika usilishe. Pampu imesimama, hewa ndani ya maji inapungua, na chakula kitazidisha balaa.

Mwezi wa Ramadhani nao una mtihani wake. Ratiba ya nyumba inageuka, na wapo wanaowasha taa ya tangi usiku wa manane ili samaki nao wapate daku. Samaki hajafaradhishiwa funga! Mlishe baada ya swala ya alfajiri kukishapambazuka, na mara ya pili alasiri, kisha usiku umwachie giza lake alale. Ukisafiri kwa Idd siku tatu nne, samaki mkubwa mwenye afya hatadhurika kwa kukaa bila chakula. Hatari zaidi ni jirani mwema uliyemwachia kopo zima.

Tuje kwenye mikono. Kabla ya kulisha nawa vizuri na suuza mpaka sabuni iishe. Mkono wenye manukato, mafuta ya nywele au losheni usiingie majini. Dawa ya mbu ya kupuliza ni mbaya zaidi, nyingi ya hizo ni sumu kali kwa samaki hata kwa kiasi kidogo. Funika tangi na zima pampu ya hewa kabla ya kupuliza, au usipulize chumba hicho kabisa.

Baada ya kulisha nawa tena. Maji ya bahari ni tohara, hilo halina ubishi, lakini tohara ya kisheria haimaanishi kwamba hayana vijidudu. Yupo bakteria anayeitwa Mycobacterium marinum, wa ukoo mmoja na yule wa kifua kikuu, ambaye huingia mwilini kupitia mchubuko. Kangaja ana wembe kwenye shina la mkia na humkata mtu kirahisi. Wiki kadhaa baadaye hutokea kivimbe au kidonda kwenye kidole au mkono, hakiumi sana, lakini hakiponi. Kwa hiyo mwenye jeraha asitie mkono tanginini, au avae glavu. Vyombo vya tangi visioshwe kwenye sinki la jikoni, na mpira wa kunyonyea maji usivutwe kwa mdomo. Ukipata kidonda cha namna hiyo, nenda hospitali na umwambie daktari waziwazi kwamba nyumbani unafuga samaki, kwani asipojua anaweza kukupa dawa za kawaida ambazo hazitasaidia. Matibabu yake ni antibiotiki maalumu, na huchukua miezi.

Wabillahi tawfiiq.