Mshono Uliopasuka Baada ya Miaka Kumi

Jioni ya Julai 23, 1984, mfanyakazi wa kiwanda cha kusafisha mafuta cha Union Oil, Romeoville, jimboni Illinois, Marekani, aliona gesi ikivuja kwenye ufa wa takriban sentimita 15 ubavuni mwa mnara wa chuma. Akakimbilia vali. Alipokuwa anaifunga, ufa ukazidi kurefuka. Wazimamoto wa kiwanda walikuwa wameshaitwa mnara ulipopasuka na gesi ikalipuka. Sehemu ya juu ya mnara ilirushwa umbali wa kilomita moja hivi. Watu 17 walikufa, wakiwemo wazimamoto.

Uchunguzi uliishia kwenye matengenezo ya 1974. Mwaka huo sehemu moja ya mnara ilikatwa na bamba jipya likachomelewa hapohapo uliposimama. Ufa ulianzia kando ya mshono huo.

Chuma kikichomelewa kisha kikapoa haraka, ukanda unaopakana na mshono huwa mgumu kuliko bamba lenyewe, na ugumu uliozidi hukaribisha kuvunjika. Mnara wa Romeoville ulitumia kemikali iitwayo amini kuondoa salfidi ya haidrojeni kwenye propani na butani. Katika kazi hiyo haidrojeni huingia ndani ya chuma na kufungua nyufa pale palipo pagumu. Nyufa zilikua kutoka ndani, hakuna aliyeziona, hadi zikala zaidi ya asilimia 90 ya unene wa bamba la milimita 25.

Kinga dhidi ya nyufa hizo ilijulikana: baada ya kuchomelea, mshono hupashwa moto hadi nyuzi 600 hivi za Selsiasi, hushikiliwa hapo, kisha huachwa upoe polepole. Ukanda mgumu hulainika na mkazo hupungua. Romeoville haikufanyika hivyo, na kwa bamba la unene ule kanuni za ujenzi hazikulazimisha. Fundisho kubwa liko hapo. Anayetengeneza chombo cha shinikizo apime unene wa bamba, lakini aulize pia ndani yake hupita nini.

Nchini Marekani matengenezo haya yana kanuni za Bodi ya Taifa ya Wakaguzi wa Boila na Vyombo vya Shinikizo, iliyoanzishwa mwaka 1919. Mkaguzi hukubali kazi kabla haijaanza. Utaratibu wa kuchomelea huandikwa na kuthibitishwa kwa kuvunja sampuli. Fundi naye hupimwa, na akikaa zaidi ya miezi sita bila kutumia njia ya kuchomelea aliyopimiwa, sifa yake hukoma. Kazi ikiisha hukaguliwa, kisha hujazwa fomu, ili atakayekuja miaka kumi baadaye ajue nini kilikatwa na nini kiliwekwa.

Viwanda vyetu vya chai na sukari navyo huendeshwa kwa mvuke, na kila saa boila inapozimwa ni hasara. Ndiyo maana kishawishi cha kumwita fundi wa karibu, azibe tundu usiku na moto uwashwe alfajiri, ni kikubwa. Mwenye kiwanda na aulize kwanza: bamba hili ni la chuma gani? Nani alimpima fundi? Mkaguzi ameridhia? Mshono umepimwa vipi? Majibu yasipokuwepo kwa maandishi, boila ibaki imezimwa. Hasara ya siku moja hulipika.