Je, Wajua? Fitina ya UPC na Mawaziri wa Mashariki

Je, wajua kwamba, kabla chama cha UPC (Uganda People's Congress) hakijatimiza miaka 4 madarakani nchini Uganda, fitina iliyopamba moto katika mkutano wake wa Gulu mwaka 1964, ambapo Grace Ibingira alimshinda John Kakonge katika kinyang'anyiro cha ukatibu mkuu, iliishia kwa mawaziri 5 kutiwa kifungoni? Tarehe 22 Februari 1966, wakiwa barazani Entebbe, walikamatwa kwa amri ya Waziri Mkuu Milton Obote; na miongoni mwao walikuwamo Mathias Ngobi wa Busoga na Balaki Kirya wa Bukedi, wilaya iliyotawaliwa zama hizo kutoka Mbale. Dhuluma iliyoje, kuwafunga watu pasipo hukumu! Walifunguliwa mwaka 1971, Obote alipokwisha kupinduliwa.