MRI ya Sumaku Hafifu na Matumaini Mapya ya Kuitambua Saratani ya Matiti

Na Mwandishi Wetu

Nchini Tanzania, saratani ya matiti ni ya pili kwa kuwapata wanawake wengi, ikitanguliwa na saratani ya mlango wa kizazi. Wagonjwa wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umekwishaenea, hali inayopunguza uwezekano wa kupona. Ndiyo maana wanasayansi wanatafuta vipimo vinavyoweza kusogezwa karibu na wananchi. Kimojawapo ni MRI yenye sumaku hafifu.

MRI haitumii mionzi ya eksirei, bali sumaku na mawimbi ya redio. Sumaku huzipanga chembe za haidrojeni zilizomo mwilini. Mawimbi huzitikisa, nazo zinaporejea katika hali yake hutoa ishara ambazo kompyuta huzigeuza kuwa picha. Mwaka 1971, Daktari Raymond Damadian wa Marekani alibaini katika uvimbe wa panya kwamba tishu za saratani huchelewa kurejea kuliko tishu zenye afya.

Mashine nyingi za hospitali zina nguvu ya Tesla 1.5 au 3. Sumaku zake hupozwa kwa heliamu ya kimiminika, na huhitaji chumba maalumu. Baadhi ya mashine hafifu hazifikii Tesla 0.1 na hutumia sumaku za kudumu zisizohitaji heliamu. Mwaka 2022, mashine ya aina hiyo iliunganishwa Mbarara, Uganda, ikilenga uchunguzi wa watoto wenye vichwa vikubwa.

Kwa upande wa matiti, watafiti wa Chuo Kikuu cha Aberdeen, Uskoti, wanabadili nguvu ya sumaku wakati kipimo kikiendelea, ili kuona tishu za saratani zinavyotofautiana na nyingine katika kila kiwango. Chuo hicho ndicho kilichompima mgonjwa mwaka 1980 kwa mashine ya Tesla 0.04 na kubaini saratani kifuani.

Hata hivyo, sumaku hafifu hutoa ishara ndogo, hivyo picha huwa na ukungu na uvimbe mdogo unaweza kutoonekana. Kwa sasa teknolojia hii haichukui nafasi ya mamografia, wala ya uchunguzi wa kinyama cha uvimbe katika maabara, ambao ndio huthibitisha saratani.

Mwanamke anayehisi uvimbe kwenye titi au kwapani, au kuona chuchu ikitoa damu au kuingia ndani, asisubiri mashine mpya. Afike mapema katika kituo cha afya kilicho karibu naye.